Kijiji cha Makumbusho: Tembe bila moshi haidumu

UKITOKA katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, ukaipita Morocco na kabla hujafika Mwenge, utasikia makondakta wa daladala wakiita "Makumbusho! Makumbusho!" Abiria hushuka, wakaunganisha magari ya Tegeta, Temeke au Mbezi, na wengi wao hawajiulizi jina hilo limetoka wapi. Limetoka hapo hapo kando ya barabara, kwenye eneo lenye miti ambamo ndani yake zimesimama nyumba za udongo, nyasi, mianzi na makuti za makabila mbalimbali ya Tanzania. Hicho ndicho Kijiji cha Makumbusho, sehemu ya Makumbusho ya Taifa, kilichoanzishwa mwaka 1967.

Nimepita mbele ya lango lake kwa zaidi ya miaka kumi, nikienda kazini na kurudi, na kwa muda wote huo nilikuwa nimeingia mara moja tu, nikiwa mwanafunzi. Safari hii niliingia kwa sababu ya mama yangu. Alikuwa amekuja kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, kuangaliwa macho, na baada ya wiki mbili za kukaa ndani kwangu Temeke, akitazama ukuta wa jirani, alinambia waziwazi kwamba amechoka.

"Mwanangu, huku kwenu hakuna hata mahali pa kukaa ukaona mbali," alisema.

Nikamwambia Jumamosi nitampeleka mahali atakapoona nyumba ya kwao. Hakuamini. Nyumba ya kwao, tembe ya bibi yangu, ilianguka siku nyingi, na mahali pake ipo nyumba ya matofali yenye bati ambayo mimi mwenyewe nilichangia kuijenga.

Kwa mchumi wa kilimo, nakiri, matembezi ya namna hii ni vigumu kuyafanya bila kupiga hesabu. Nilikwenda kumpumzisha mama, nikarudi na daftari limejaa.

Kijiji cha mwaka wa Azimio

Wazo la kukusanya nyumba za mashambani na kuzijenga upya mjini ili watu wazitazame si letu peke yetu. Mjini Stockholm, Sweden, bwana mmoja aitwaye Artur Hazelius alifungua eneo la aina hiyo, Skansen, mwaka 1891, baada ya kuona viwanda vinafuta maisha ya zamani ya wakulima wa nchi yake. Jirani zetu Wakenya walianzisha Bomas of Kenya mwaka 1971. Chetu kilitangulia kwa miaka minne.

Mwaka 1967 ndio wa Azimio la Arusha, na hapo pana jambo ambalo lilinifanya nisimame kidogo mbele ya lango. Wakati Dar es Salaam inajenga tembe ili ihifadhiwe, haukupita muda mrefu Ugogo kwenyewe watu walianza kuhamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Operesheni Vijiji iliyoenea nchi nzima, ziliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, na kampeni za nyumba bora ziliifanya tembe ionekane ni alama ya umaskini. Sisemi nyumba ya bati ni mbaya. Mama yangu haiachi. Lakini nyumba ile ya zamani ilikuwa na kazi nyingine mbali ya kulala, na kazi hizo hazikuhamishiwa kwenye nyumba mpya.

Barabara nayo imebadilika. Wasomaji watakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza shilingi bilioni 4 zilizotengwa zitumike kuipanua barabara kati ya Morocco na Mwenge, kilomita 4.3. Ndiyo barabara inayopita mbele ya Kijiji hiki. Zamani ukisimama getini ulisikia kuku wa majirani. Sasa unasikia bodaboda, na majengo marefu ya Kijitonyama yanachungulia juu ya paa za nyasi.

Kila nyumba ina sababu yake

Ukiingia, unatembea kwenye njia ya kivuli kutoka nyumba hadi nyumba. Wapo Wazaramo, wenyeji wa mji huu, na nyumba yao ya miti, udongo na makuti. Wapo Wahaya na msonge wao, Wachaga, Wanyakyusa, Wahehe, Wafipa, Wasukuma na wengineo. Watoto wa shule hukimbia wakiingia na kutoka, wakiandika majina ya vitu kwenye madaftari: kinu, mtungi, kigoda, kihenge.

Wengi hutazama nyumba hizi kama mapambo ya kabila. Mimi naziona ni majibu. Kila moja inajibu swali la nini kilikuwa adimu mahali pale na nini kilikuwa tele.

Chukua msonge wa Wahaya. Paa la nyasi linashuka karibu na ardhi, nyumba ya duara, na ndani palikuwa na nafasi ya watu na ya ng'ombe pia. Mtu wa mjini huuliza kwa nini mtu alale na ng'ombe. Jibu liko nje, kwenye kibanja. Udongo wa sehemu kubwa ya Kagera si wa rutuba kwa asili yake. Rutuba ya kibanja imetengenezwa kwa mikono ya watu kwa vizazi vingi, kwa samadi iliyotoka ndani ya nyumba na nyasi zilizokatwa rweya, yaani kwenye mbuga za malisho. Ng'ombe ndani ya nyumba maana yake samadi haipotei na haibebwi mbali. Migomba ikashiba, kahawa ikashiba. Ng'ombe walipopungua, migomba ilianza kudhoofika, na mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006 ulikuta mashamba mengi hayana nguvu ya zamani.

Wachaga vivyo hivyo, ila wao walibanwa zaidi na ardhi. Kihamba cha mlimani kina migomba, kahawa, miti ya kivuli, viazi vikuu na ng'ombe wa ndani, vyote kwenye eka moja au pungufu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Wazee wa Shimbwe Juu, nadhani, hawakuhitaji cheti kulijua hilo.

Nyumba ya Mzaramo nilitaka kuipita haraka, kwa kuwa naifahamu. Kisha nikakumbuka kwa nini naifahamu. Ukiitazama ile ya mstatili, yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, utaona ndiyo mama wa nyumba zetu za Kinondoni, Magomeni na Temeke: vyumba sita, korido, uani choo na jiko. Makuti yamekuwa bati, udongo umekuwa tofali la saruji, na vyumba vya watoto vimekuwa vya kupangisha. Nusu ya mji huu imelala ndani ya ramani hiyo.

Mama aingia tembe

Tulipofika kwenye tembe ya Wagogo mama alivua kitenge cha mabegani, akainama, akaingia. Mlango wa tembe ni mfupi, lazima uiname. Nilibaki nje nikisubiri asifie. Akakaa ndani kimya muda mrefu. Alipotoka alisema neno moja.

"Haina moshi."

Nikadhani analalamika. Akanifafanulia kama mtu anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Tembe, alisema, inajengwa kwa nguzo za panda, juu yake boriti, juu ya boriti fito, kisha nyasi, kisha udongo. Miti hiyo yote ni chakula cha mchwa. Kinachomzuia mchwa ni moshi wa jiko unaopanda kila siku asubuhi na jioni, ukaipaka miti masizi meusi. Nyumba ikikaa bila mtu msimu mmoja tu, mchwa anaanza. "Nyumba ya bibi yako haikubomolewa na mvua," alisema. "Ilibomoka tulipohama, moto ukazimika."

Mzee mmoja wa Kisarawe tuliyemkuta kivulini akisuka makuti alimsikia, akacheka. "Kweli kabisa, mama. Hata makuti ndivyo yalivyo. Nyumba inayopikiwa ndani, paa linakaa. Ukiifunga, wadudu wanaingia na panya wanazaa."

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi ya Kijiji hiki, na ni ugumu ambao hauondolewi na bajeti peke yake. Tembe imebuniwa kwa Dodoma, ambako mvua kwa mwaka ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 na kiangazi ni kirefu. Paa lake ni bapa, la udongo, kwa sababu mvua ni haba na kwa sababu paa bapa ni uwanja wa kuanikia mazao. Hapa Dar es Salaam mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, tena kwa misimu miwili. Msonge nao unataka nyasi na mafundi wanaojua kuzifunga. Ya Wanyakyusa inataka mianzi ya kunyooka. Kuzitunza nyumba hizi zote mahali pamoja, kando ya bahari, ni sawa na kufuga samaki wa maji baridi na wa maji chumvi kwenye bwawa moja.

Kwa hiyo kinachoziokoa ni watu kuja kuzitumia, na Kijiji kimekuwa na desturi nzuri kwa ajili hiyo.

Siku ya jamii na soko lake

Tangu miaka ya 1990 Kijiji cha Makumbusho kimekuwa kikiandaa maonyesho ya jamii moja moja, yanayojulikana kwa jina la Siku ya Utamaduni wa Mtanzania. Jamii yenye zamu huleta wazee kutoka nyumbani, wakaungana na ndugu zao wanaoishi Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa huonyesha nyumba, ngoma, mapishi, dawa za asili, namna ya kuoa na kuoza. Wanaochagua cha kuonyesha ni wenyewe, na hilo nalipenda. Mtaalamu akiachiwa aamue atachagua vinyago. Bibi wa kijijini akiachiwa atachagua chungu cha mlenda.

Nilipokuja mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, nilifuata ngoma. Sikumbuki hata nyumba moja. Nakumbuka nilikula, nikanunua asali, nikarudi chuoni na chupa imevujia kwenye begi. Leo najua kwamba ile asali ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Maonyesho kama haya ni soko, na ni soko la aina ambayo mazao yetu ya asili hayalipati kwingine. Unga wa mtama na uwele, mboga za kukausha, ubuyu, karanga, asali, vikapu na vyungu: mnunuzi wake mkubwa ni mtu aliyehama kijijini, mwenye mshahara mjini, anayekumbuka ladha. Huyo halalamikii bei kama dalali wa Manzese.

Linganisha na Saba Saba, kule kwetu Temeke, kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa. Julai 7 zamani ilikuwa Siku ya Wakulima kabla Nane Nane haijapewa heshima hiyo. Ukienda leo utaona majokofu, magodoro, televisheni na trekta, kila kitu kinachotoka nje kuja kwetu. Ni jambo jema, biashara ni biashara. Lakini mwanamke wa Mpwapwa mwenye debe tatu za uwele hawezi kulipia banda pale.

Jumamosi tuliyokwenda haikuwa siku ya maonyesho makubwa. Kulikuwa na kikundi cha ngoma, shule mbili za msingi, na akina mama waliokuwa wanapikia wageni nje kwa kuni. Mama alinusa mtama, akaenda bila kuniaga. Nilipomfuata nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda, ameshika mwiko, anamwambia mpishi kwamba ugali ule haujaiva. Walikuwa wanaitana dada. Moshi wa kuni ulikuwa unapulizwa na upepo kuelekea paa la tembe, na mama aliutazama kwa kuridhika kabisa.

Kihenge na dumuzi

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii kwenye kurasa za kilimo badala ya kuisimulia tu nyumbani.

Ndani ya tembe, mahali pa heshima, panakaa kihenge: ghala la fito au mianzi iliyosukwa, likakandikwa udongo uliochanganywa na samadi, likafunikwa juu. Mama alikigonga kihenge kwa vidole kama mtu anayegonga tikitimaji. Alisema cha bibi kilibeba mtama wa miaka miwili, ukiwa bado kwenye masuke, na mbegu zilitundikwa juu ya jiko kwenye moshi. Mwaka wa njaa waliokuwa na kihenge walikula, na wasio nacho waliwafanyia kazi walio nacho.

"Kwa nini mliacha?" nilimuuliza.

"Mahindi," alijibu.

Jibu hilo ni sahihi kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Kihenge kilibuniwa kwa mtama na uwele, nafaka ndogo na ngumu, zikitunzwa kwenye suke lake, katika nchi kavu. Mahindi laini ya kisasa yana punje kubwa na ganda lisilomzuia mdudu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatambuliwa mkoani Tabora mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, ambaye wakulima walimpa jina la dumuzi. Huyu hatoboi mahindi peke yake, anatoboa hata mti na mianzi. Maana yake ni kwamba kihenge chenyewe kikawa maficho yake: unakiosha, unakijaza upya, na yeye yumo ndani ya fito anasubiri. Ghala lililomlinda bibi yangu likamgeuka mama yangu.

Watu wakahamia kwenye magunia na dawa za vumbi, gunia likakaa chumbani kwenye sakafu ya saruji, chini ya bati la joto. Na hapo likaingia la pili, baya zaidi kwa kuwa halionekani: sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula nafaka yenye sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Ni nchi ya tembe hiyo. Nisieleweke vibaya: sisemi kihenge kingewaokoa. Nafaka iliyovunwa mbichi ikifungiwa kwenye kihenge au kwenye gunia, yote mawili yataota ukungu. Ninachosema ni kwamba tuliacha njia ya zamani ya kukausha juu ya paa na kutunza kwenye moshi kabla hatujawapa watu njia mpya iliyokamilika.

Tupige hesabu kidogo, kwa mfano tu. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa shilingi 50,000 mwezi Julai, na mwezi Februari, njaa inapobisha hodi, linafika shilingi 85,000. Mkulima akilitunza kwenye gunia la kawaida na dawa ya shilingi 4,000, kisha wadudu wakala sehemu ya tano, atabaki na kilo 80, sawa na shilingi 68,000. Toa dawa, zinabaki 64,000. Amesubiri miezi saba kwa faida ya shilingi 14,000. Wadudu wakila theluthi, faida yake haifiki hata shilingi 3,000. Ndiyo maana wengi huuza Julai, kisha Februari wananunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Tunawaita hawana mipango. Kwa hesabu hiyo, wana mipango mizuri tu. Wasichokuwa nacho ni ghala.

Mkulima huyo huyo akinunua mfuko usiopitisha hewa, ule wenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, tuseme kwa shilingi 6,000, na akapoteza kilo mbili tu, atauza kwa shilingi 83,300. Toa bei ya mfuko, zinabaki 77,300. Faida ni shilingi 27,300, na mfuko ukitunzwa usitoboke utatumika tena msimu ujao. Mdudu aliyefungiwa humo hafi kwa dawa, anakufa kwa kukosa hewa.

Lakini sharti lake ni kukausha. Mahindi yenye maji zaidi ya asilimia 13 na nusu hivi hayafai kufungiwa. Kwa asiye na kipimo, ipo njia ya chumvi: chukua chupa ya soda iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Na nafaka ambayo tayari ina sumukuvu mfuko hauisafishi. Hiyo ni ya kuzuiwa tangu shambani na kwenye turubai la kuanikia.

Neno limebaki, umbo limebadilika

Serikali nayo ina vihenge vyake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kwa mkopo kutoka Poland, ulianza mradi wa kujenga vihenge vya kisasa na maghala katika maeneo manane: Makambako, Songea, Mbozi, Sumbawanga, Mpanda, Dodoma, Shinyanga na Babati, ili uwezo wa kuhifadhi upande kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Ni minara ya chuma inayong'aa, unaiona kutoka mbali. Nimefurahi kwamba waliita vihenge na hawakutafuta jina la kigeni.

Tofauti ni ya nani anashika ufunguo. Kihenge cha bibi kilikuwa chumbani kwake, na yeye ndiye aliyeamua lini kifunguliwe. Kihenge cha chuma kinalisaidia taifa mwaka wa ukame, na hilo si dogo, lakini hakimsaidii mwanamke wa Kongwa kuamua kama auze Julai au Februari. Anahitaji chake, hata kama ni mfuko tu.

Kongwa tunalo somo letu la zamani kuhusu mambo makubwa yanayoletwa bila kuuliza walio ndani ya tembe. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta pale kulima karanga, wakatumia zaidi ya pauni milioni 35, na hadi mradi unafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 karanga hazikuonekana za maana. Mvua haikutosha na udongo ulikuwa unakauka kama saruji. Wagogo waliokuwa wanapanda mtama na uwele jirani walijua hivyo.

Mtama wenyewe unarudi taratibu. Viwanda vya bia vinanunua mtama mweupe wa Dodoma, na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa jamii ya uwele na ulezi. Kwelea kwelea bado ni adui, na bei inayumba. Hata hivyo, ukimuuliza mama atakuambia mtama hausumbuliwi na dumuzi kama mahindi. Ningependa siku ya jamii ya Wagogo ikiandaliwa tena, pembeni ya ngoma na zeze, awepo bwana shamba mmoja mwenye mifuko, chupa ya soda na chumvi, na awepo muuza mbegu za mtama. Watu wanaokuja pale ndio wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi. Mama mzazi hasikilizi redio kuhusu ghala. Anamsikiliza mtoto wake anayempigia simu Jumapili.

Kiingilio cha Mtanzania hapo getini hakifiki bei ya sahani ya chipsi kuku, na ukitaka kununua vinyago Mwenge hapako mbali.

Tuliondoka saa kumi na moja jioni. Kabla ya kutoka mama alirudi peke yake kwenye tembe. Nilimwona anapima kihenge kwa mikono, dhiraa kwa dhiraa, kwenda juu na kwa upana, midomo ikicheza. Kwenye daladala ya kurudi Temeke, tukiwa tumesimama kwenye foleni, aliniuliza ile mifuko inauzwa wapi. Nikamwambia ipo Kibaigwa, kwenye soko la mahindi.

"Ninunulie minne ya mahindi," alisema. "Mtama nitausukia kihenge. Jiko la nje lina moshi wa kutosha."

Nikamuuliza fito atapata wapi siku hizi. Akasema nisimfundishe.